Mstari Usiosomwa

Kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, marehemu aliwaamsha watu wa Karatu.

Aliwaamsha wapika vitumbua wa kando ya stendi, madereva waliokuwa wakipasha moto magari ya watalii, na wakulima wa Endabash waliolala na makoti juu ya blanketi kwa baridi ya Julai. Kwanza ililia kengele ya ng'ombe. Ikafuata sauti ya mwanamke, taratibu: "Tobiko Lekoko wa Malambo, tunakukumbuka." Kisha akaja mwenyewe, kwa ile lafudhi yake ya Kimaasai ambayo watoto wa shule waliiigiza njiani: "Kumekucha! Mimi Tobiko nimekwisha amka. Fungua lango, ng'ombe watoke. Wewe je?"

Alipokuwa hai, watu walimjibu. Mtu yuko chooni anapaza sauti, "Nimeamka, punguza kelele!" Mwingine anamtukana kwa upendo huku akitafuta kiberiti. Sasa hakuna aliyemjibu. Walinyamaza mpaka wimbo ulipoingia, ndipo wakaendelea na shughuli zao.

Adrian aliisikia sauti hiyo akiwa kitandani, kupitia ukutani, kutoka kwenye redio ya mpangaji mwenzake. Yeye ndiye aliyeipanga iseme. Aliisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua inayonyesha kijiji cha pili, akaketi, akatafuta soksi.

Adrian alizaliwa Mbulumbulu, kwenye shamba la ngano na maharage, mtoto wa tatu wa mama Selestina. Alisomea kompyuta Arusha akapata diploma. Aliporudi nyumbani kila mtu alimpa ushauri uleule: jifunze udereva, jifunze na Kijerumani kidogo, upeleke wageni kreta kuona wanyama. Kana kwamba Mungu aliziumba nyanda hizi zote za juu ili vijana wake wawe watu wa kuonyesha simba kwa kidole. Adrian alikataa. Alianza kwa kutengeneza printa za stesheneri pale mjini, kisha akaajiriwa kuwa fundi mitambo wa Redio Ukingo, kituo kidogo cha vyumba vitatu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la mwenye kituo, Mzee Seif.

Hapo ndipo alipomkuta Tobiko, kijana wa rika lake kutoka Malambo, mtangazaji wa habari za mifugo. Mmoja mkimya, mwingine hanyamazi. Wakawa kama chungu na kifuniko chake.

Kipindi cha alfajiri kilikuwa wazo lao wawili, na lilikuwa wazo zuri. Mfugaji hutembea na ng'ombe wake kutoka mbali, anafika mnadani amechoka na mnyama amechoka, dalali anamwambia, "Bei imeanguka, mzee." Ataujua wapi ukweli? Anauza. Kumbe bei haikuanguka hata kidogo. Kilichoanguka ni utu wa dalali. Adrian na Tobiko wakasema hapana. Bei itatangazwa alfajiri, kabla mtu hajafungua zizi, na kila mfugaji ataijua kabla dalali hajapiga mswaki.

Tatizo lilikuwa moja tu: Tobiko alipenda usingizi.

"Mmaasai gani wewe unalala mpaka jua linakuchoma kisogo?" Adrian alimuuliza.

"Nimeamka alfajiri tangu nina miaka mitano nikichunga mbuzi," Tobiko alijibu. "Nimemaliza zamu yangu. Sasa aamke mwingine."

Aliyeamka ni mashine. Adrian alirekodi salamu za Tobiko, akaandika skripti fupi, yaani faili la amri ambazo kompyuta inazifuata moja baada ya nyingine: piga kengele, cheza salamu, soma bei za leo, weka wimbo. Kisha akaingiza mstari mmoja kwenye ratiba ya kompyuta ili skripti hiyo ijiendeshe kwa saa yake, mtu awepo asiwepo.

Tobiko alisimama nyuma ya kiti chake siku hiyo, akitafuna hindi la kuchoma.

"Sasa itajuaje muda umefika?"

"Ina saa yake. Kila dakika inaangalia ratiba. Kama kuna mstari wa dakika hiyo, inatekeleza. Kama hakuna, inakaa kimya."

"Askari wa zamu."

"Asiyelala."

Tobiko aliinamia kioo. Mstari ulianza na dakika, ukafuata saa, halafu nyota tatu. "Mbona umeandika tano na nusu?"

"Yenyewe inahesabu saa kuanzia usiku wa manane."

"Kumbe ni Mzungu. Na hizi nyota?"

"Tarehe yoyote, mwezi wowote, siku yoyote ya wiki. Maana yake kila siku."

"Nyota, nyota, nyota. Nikadhani unaangalia salio." Akacheka mwenyewe, akaelekeza hindi kwenye mstari wa juu yake. "Na huu ulioanza na alama ya reli?"

"Hayo ni maneno yangu, ya kunikumbusha. Mstari ukianza na reli, mashine inaupita. Inajua upo, ila haiusomi."

Tobiko, ambaye kwa kila kitu alikuwa na utani, hapo hakuwa nao. Aliitazama ile reli kwa muda.

"Ina adabu, hii mashine," alisema, akarudi kwenye hindi lake.

Alikufa mwezi wa sita, akiwa likizo kwao. Ilikuwa homa. Ilimshika jioni, na gari la kumpeleka hospitali lilitafutwa usiku kucha likapatikana jua limeshatoka, asubuhi ileile ambayo upande wa pili wa mlima magari yalipanga foleni getini kushuka kreta kuangalia faru. Muda ulikuwa umepita. Na alfajiri hiyo, Karatu nzima ilikuwa imeshamsikia akisema amekwisha amka.

Watu wa kituo walikodi gari kwenda mazikoni. Mwamini, msomaji wa taarifa ya habari, mwanamke wa maneno mengi na moyo mpana, alikuja mpaka mlango wa chumba cha mitambo akiwa amejifunga mtandio.

"Adrian, gari linaondoka."

"Nani atabaki na mitambo?"

Mwamini alimwangalia. Kila mtu pale kituoni alijua kwamba mitambo inajiendesha, na aliyeifanya ijiendeshe ni huyu anayeuliza. Lakini uso wa Adrian ulikuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani, na Mwamini hakugonga. Alikwenda.

Tangu siku hiyo Adrian hakulia. Si kwamba alijikaza. Alijipapasa ndani hakukuta kitu, kama mtu anayeingiza mkono kwenye mfuko wa koti akakuta umetoboka. Alikula makande akajua ni ya moto, basi. Mama Selestina alimpigia simu kila jioni.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Ilimbidi afikiri.

Mzee Seif ndiye aliyeleta wazo la kumkumbuka Tobiko hewani. Alikuwa mtu wa dini na mtu wa watu. Msiba wa mfanyakazi wake aliubeba kama wa mtoto wake. "Mpaka arobaini," alisema, "jina la kijana wetu lisishuke hewani. Alfajiri na magharibi. Mwamini amtaje, kisha tuisikie sauti yake." Wenye maduka walimsifu. Padri alimsifu. Wakristo na Waislamu wa mji mzima waliona hilo ndilo jambo jema kuliko yote, na kwa mila zao walikuwa sahihi: marehemu huombewa kwa jina. Hakuna aliyefikiria kuuliza Malambo. Ndivyo walivyo watu wa mjini. Wakishalipenda jambo wanaamini na dunia nzima imelipenda.

Adrian aliandika mistari miwili, wa alfajiri na wa magharibi. Vidole vilijua kazi. Nyota, nyota, nyota.

Siku ya mnada, mwezi wa saba, alikuja mtu kituoni. Alikuwa mrefu, amevaa shuka mbili na juu yake koti kuukuu, ananukia moshi na ng'ombe. Alikataa kiti mpaka Mwamini alipomletea chai, ndipo akaketi kwa kuheshimu chai.

"Shikamoo, kaka," Adrian alimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye Adriani wa mashine?"

"Ndiyo mimi."

"Mimi ni Moloimet. Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi hapa. Alituambia habari zako." Alinywa chai, akaweka kikombe chini. "Nimeleta ng'ombe mnadani. Lakini hiyo si safari yangu. Safari yangu ni hii. Mnamwita. Nimekuja kuomba muache kumwita."

Mwamini aliyekuwa anatoka alirudi. "Kaka yangu, tunamwita kwa heshima! Mji mzima unamlilia Tobi—"

Moloimet aliinua kiganja, taratibu, kama mtu anayezuia ndama asipite. Mwamini akanyamaza.

"Najua mlimpenda. Mtu asiyependa hawezi kujisumbua hivi. Lakini kwetu, mtu akienda, jina lake linakwenda naye. Hatulitaji tena. Mtu asiyeweza kuitika, unamwitia nini?"

Adrian alikumbuka kitu. Aliwahi kumuuliza Tobiko, wakila, marehemu baba yake aliitwa nani. Tobiko alitazama dirishani, akasema, "Wa ukoo wa Lekoko," akaomba chumvi. Adrian alidhani hakusikia swali.

"Yeye haitiki," Moloimet aliendelea. "Lakini yeyo anaitika. Mama yetu. Alfajiri mnasema fungua lango, ng'ombe watoke. Anainuka gizani, anasogeza miiba, anafungua. Jioni sauti inakuja tena. Anasimama langoni, anakataa tusifunge. Anasema mmoja hajaingia."

Moloimet alimalizia chai yake.

"Wiki iliyopita fisi waliingia. Wamekula ndama. Siku watakayokosa ndama watamkuta mama amesimama palepale."

"Mzimieni redio, jamani," Mwamini alisema, sauti imepungua.

"Nimezima. Nimetoa mpaka betri. Boma la pili wana redio. La tatu wana redio. Bonde lote linasema kwa pamoja. Utamziba mama masikio kwa mkono?"

Mwamini alijifuta macho kwa pembe ya mtandio. Macho ya Adrian yalikuwa makavu. Aliwaza tu, kwa utulivu kabisa, kama anayesoma kosa kwenye kioo: tumemfanyia hivi mama yake. Wazo lilipita likaenda zake bila kugusa kitu.

"Leo hii naitoa," alisema.

Aligeuka kwenye kompyuta mbele ya Moloimet, akafungua folda ya salamu, akafuta faili la sauti, lenye kengele, jina na salamu. Alilifuta kama mtu anavyofuta vumbi la meza. Magharibi ilipofika walikuwa wote watatu wamesimama pale chumbani. Kengele haikulia. Jina halikutajwa. Skripti haikukuta kitu cha kucheza, ikapitiliza kwenye wimbo.

Moloimet alimpa mkono. "Ashe," alisema, yaani asante. Alikuwa analala kwa ndugu yake karibu na uwanja wa mnada. Lori la kurudi lingeondoka kesho yake.

Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, kupitia ukutani, ililia kengele ya ng'ombe.

"Tobiko Lekoko wa Malambo, tunakukumbuka."

Adrian aliketi kitandani. Alijua kilichotokea kabla sauti haijamaliza kusema. Umeme wa Karatu hukatika unavyopenda, na kila ukikatika ghafla mafaili yalikuwa yanaharibika. Kwa hiyo mwaka uliopita aliandika skripti nyingine, inayojiendesha kila usiku wa manane, inayopita folda zote na kuangalia kilichopungua. Ikikuta faili halipo, inalichukua kwenye diski ya akiba na kulirudisha mahali pake. Aliitengeneza ili kitu chochote kisipotee.

Alikuwa ameisahau? Mkono ulioiandika ndio uliofuta sauti jana. Hakutaka kulichimba swali hilo. Alivaa viatu bila soksi akatoka.

Moloimet alikuwa ameshafika, ameketi juu ya mifuko ya saruji nje ya duka, fimbo katikati ya magoti. Hakusimama.

"Kijana. Jana uliniambia nini?"

"Niliitoa, kaka. Imerudi."

"Nimesikia imerudi. Mjini kote imerudi. Na kule kwetu, saa hii tunayoongea, mama yuko langoni." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Mnajua kutengeneza kitu kinachosema chenyewe. Hamjui kutengeneza kinachonyamaza?"

Adrian alifungua mlango, wakaingia, akawasha taa.

Alimweleza. Hakutumia maneno makubwa. Kuna mlinzi mmoja anayeita, na mlinzi mwingine anayerudisha kilichoibwa. Jana mimi niliiba, usiku mlinzi wa pili akarudisha. Nikifuta tena, atarudisha tena. Dawa ni kumfikia mlinzi wa kwanza mwenyewe, yule anayeita, nimwambie asiite.

"Basi mwambie."

Adrian alifungua ratiba. Mistari miwili ilikuwa pale, alfajiri na magharibi, na mwisho wa kila mmoja jina la faili la skripti, ambalo yeye mwenyewe alilipachika siku ya hindi la kuchoma: tobiko. Alisogeza alama mpaka mwisho wa mstari. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kufutia, na herufi zingemezwa moja moja, kuanzia ile ya mwisho ya jina.

Kidole kilikataa.

Alikitazama. Kilikuwa kimesimama juu ya kitufe, kana kwamba ni cha mtu mwingine. Wiki zote hizo alikuwa amejitafuta moyoni bila kukuta kitu. Kumbe kilichobaki kilikuwa kimejificha huku, kwenye ncha ya kidole.

"Nini?" Moloimet aliuliza.

"Hakuna."

"Unalia?"

"Hapana. Silii." Na ilikuwa kweli.

Nje, gari la watalii lilipita likielekea getini, taa zake zikapaka ukuta kisha zikaondoka. Adrian aliondoa kidole kwenye kitufe. Alirudisha alama mwanzoni kabisa mwa mstari, mbele ya dakika, mbele ya saa, mbele ya nyota zote, akaandika reli. Akashuka mstari wa pili, akaandika reli. Akahifadhi.

Moloimet alikuwa amesoma mpaka la saba. Alijua kusoma kilichoandikwa pale. Aliinama.

"Mbona bado yupo?"

"Yupo. Mstari ukianza na hii alama, mashine inaupita. Haiusomi."

"Leo?"

"Leo, kesho, siku zote. Mpaka mtu aje aitoe alama. Na mwenye kuitoa ni mimi peke yangu."

"Kwa hiyo inajua yupo."

"Inajua."

"Haimtaji."

"Haimtaji."

Moloimet aliendelea kuinama mbele ya kioo kwa muda mrefu, mkono mmoja kiunoni, kama anavyokagua jeraha la mnyama kuona kama limefunga. Kisha akajinyoosha.

"Hii ni sawa," alisema. "Hii hata wazee wetu wangeielewa."

Alfajiri iliyofuata Adrian alikuwa kazini kabla ya muda. Alisimama mbele ya kompyuta, mikono mifukoni. Dakika ilifika. Mashine iliangalia ratiba yake, ikaiona mistari miwili yenye reli, ikaipita. Dakika ikapita nayo. Mji ulikuwa na ukimya wa ajabu, ukimya wa watu wengi waliosimama na vijiko mkononi wakingoja. Halafu wimbo wa kipindi kilichofuata ukaanza.

Jua lilipotoka Mzee Seif aliingia, kanzu yake imekunjwa upande mmoja kwa kuharakisha.

"Nani ametoa salamu? Simu zinaingia tangu alfajiri! Yule wa dawa ya kuogeshea mifugo anauliza tangazo lake limekwenda wapi. Arobaini haijafika!"

"Nimetoa mimi, Mzee."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mama yake."

Adrian alimsimulia yote: lango, fisi, mama aliyesimama jioni akikataa lisifungwe. Mzee Seif alisikiliza akiwa wima, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuketi, mpaka akajikuta kwenye kiti cha mtangazaji.

"Mbona hawakuniambia mimi?"

"Hatukuwauliza, Mzee."

Mzee Seif alivua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa tena. "Nimemuamsha mwanamke mzee gizani," alisema. "Mimi. Na nilidhani napata thawabu." Baadaye kidogo, kwa sauti ya kazi: "Bei za mnada?"

"Zitasomwa kama kawaida. Wafugaji hawawezi kukosa bei. Mwamini arekodi."

"Mimi?" Mwamini alisema kutoka mlangoni. "Mimi naweza kuamsha ng'ombe? Wataniuliza nimetumwa na nani."

"Waambie umetumwa na tumbo," Mzee Seif alisema, na ilikuwa karibu na kicheko cha kwanza kituoni hapo tangu Juni. Adrian alikisikia kicheko kile kwa mbali.

Kabla ya saa nne simu yake iliita. Ilikuwa na upepo mwingi ndani yake.

"Adriani? Nimepanda kilimani kutafuta mtandao."

"Kaka Moloimet. Mama?"

"Amelala mpaka jua limetoka. Lango nimefungua mimi." Upepo ukavuma. "Ameamka, ameuliza kwa nini leo kimya. Nikamwambia watu wa Karatu wameelewa. Akasema sawa. Akaomba maziwa."

"Vizuri."

"Na wewe umelala?"

Adrian alifikiri, kama alivyofikiri kila mama Selestina alipomuuliza amekula nini. "Hapana."

"Wewe hukuja," Moloimet alisema. Hakulaumu, alitaja tu, kama mtu anayehesabu mifugo na kusema mmoja hajaingia. "Wote walikuja. Njoo ukae na mama. Hatasema kitu. Na wewe usiseme kitu. Ukae tu."

Adrian alikata simu. Alichukua koti lake msumarini.

"Unakwenda wapi?" Mzee Seif aliuliza.

"Malambo."

"Sasa hivi? Na mitambo anabaki nayo nani?"

Mwamini, aliyekuwa anapanga karatasi zake za habari, aliacha kuzipanga.

"Inajiendesha," Adrian alisema.

Mwamini aliingia jikoni mwa kituo, akarudi na mfuko wa sukari na pakiti ya majani ya chai, akampa bila neno lolote. Kwa Mwamini, hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Lori la mifugo lililokuwa linarudi tupu lilimchukua pale njia panda. Liliteremka ukingo kuelekea Mto wa Mbu, likakunja kushoto, likaingia kwenye vumbi. Nyuma walikuwa watu wachache wameketi juu ya nyasi kavu zilizobaki za ng'ombe. Mwanamke wa makamo, mwenye ndoo ya nyanya magotini, alimtazama Adrian na koti lake la mjini na mfuko wake wa sukari.

"Mwanangu, unafika wapi?"

"Malambo, mama."

"Hee, mbali huko. Kwa nani?"

Adrian alifungua mdomo. Jina lilikuwa palepale kwenye ulimi, tayari, kama lilivyokuwa tayari kila alfajiri. Alilishika hapo. Lori lilivuka korongo, watu wote wakarushwa wakarudi, na mwanamke bado alikuwa anamtazama akingoja.

"Kwa mama mmoja," alisema.

Mwanamke aliangalia sukari, akaangalia uso wake, hakuuliza tena. Alivuta ndoo yake upande, akampisha pa kunyooshea miguu. Adrian alinyoosha miguu, akaupakata mfuko wa sukari kwa mikono miwili ili usipasuke njiani.